Mama na Gramafoni

Mzungu akikisifia sana kitu chako, kifiche. Hayo ni maneno yangu mimi Sikuzani, na kaka yangu Mfaume hakutaka kuyasikia.

Mwaka wa tano tangu vita viishe, memsahib mmoja alikuja nyumbani kwetu Kanyenye, Tabora, kutafuta picha za maonyesho ya London. Alisema Waingereza wameanza kujiuliza wao ni akina nani hasa, na picha hizo zitawafundisha kwamba watu wa kila rangi ni watu wa Mfalme. Mfaume, aliyejifunza kuchora alipokuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, akiuguza mguu hospitali ya jeshi huko Seloni, akamtolea picha aliyoichora ya harusi yangu. Humo mama yetu anazungusha mkono wa gramafoni huku akicheka. Mama tulikuwa tumemzika mwezi uliopita, na sura yake nyingine hatukuwa nayo.

Memsahib aliisifia mpaka nikachoka. Kisha akauliza, "Ninyi kabila gani?"

"Wazaramo," Mfaume alijibu. "Babu alikuja na msafara kutoka pwani, akabaki hapa."

"Basi chora ngoma. Gramafoni si ya Wazaramo. Kule watadhani umeiga kwetu."

"Na mama atashika nini?" nikadakia.

"Huyu mama anaweza kuondoka," alisema kwa upole. Ule upole ndio ulionitia shaka zaidi.

"Kaka, huyu anakuchezea shere," nilisema. "Leo anamtaka mama aondoke, kesho atakutaka wewe."

Mfaume alichovya brashi kwenye rangi nyeusi ili amfute mama. Aliitamani London kama mgonjwa anavyotamani maji, nami nikalia kwa hasira.

Hapo akaingia Alois, mkulima wa Kipalapala, Mnyamwezi na mtani wetu. Hata hodi hakupiga.

"Enyi watumwa wangu wa pwani! Mmemzika mama yenu, nami haki yangu ya msiba sijaichukua!"

Aliyaona machozi yangu, akaiona na brashi. Akainyakua picha, akaitia kwapani na kutoka nayo akicheka.

"Mwizi!" memsahib alipiga kelele. "Mfaume, kaite polisi!"

Mtani akichukua kitu chenu cha msiba hapokonywi. Tabora nzima inajua. Lakini siku ile sikumwamini hata kaka yangu. Neno lake moja tu, Alois angelala rumande, picha ingerudi, na mama angefutwa. Mfaume alisimama, rangi ikidondoka sakafuni.

"Si mwizi, memsahib. Ni mtani."

"Ni mtu wa kabila lenu?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini mnamwachia?"

"Ndiyo maana tunamwachia," Mfaume alisema, akaifuta brashi kwenye kanzu yake. "Angekuwa Mzaramo, ningemkamata mwenyewe."