Chuma Kilipopatwa na Baridi

Kuanzia kivukoni Likoni hadi Mtongwe ilijulikana kwamba kitu alichokichomelea Ishaka Boga hakiachani. Mageti, vitanda, matela ya malori, vyote vilikuwa vimepita mikononi mwake, na hakuna kilichowahi kurudi kimefumuka. Ishaka mwenyewe alilijua hilo, na aliyelisahau alikumbushwa. Mkewe, Mwanasaumu, alizoea kusema kuwa mumewe angeweza kuziba kila tundu isipokuwa la mdomo wake.

Mwaka wa themanini na saba lilifunguliwa Changamwe ghala la kugandishia samaki wa kupelekwa ng'ambo. Ishaka akaitwa kutengeneza boriti ya chuma ya kupita juu ndani ya chumba cha barafu, yenye kulabu za kutundikia jodari wakubwa. Msimamizi wa chumba hicho alikuwa Mwikali, mama wa Kikamba mwepesi wa kucheka, ambaye tangu siku ya kwanza alimfanya Ishaka mtani wake. Injinia alikuwa Jerioth, binti wa kutoka Nyandarua, mpole wa maneno.

"Shikamoo, fundi," Jerioth alimwambia. "Chumba hiki kina baridi kuliko barafu yenyewe, na si kila chuma kinaivumilia. Naomba tungoje kile maalumu kitoke Nairobi."

"Marahaba, binti yangu. Chuma ni chuma. Hiyo baridi itakifanya nini, kitashikwa na kikohozi?"

Wachukuzi wakaangua kicheko. Ili kumaliza ubishi, Ishaka aliiweka boriti yake uani, juu ya nguzo mbili, jua likiwaka, akawaita wachukuzi waning'inie. Waliposhiba kuning'inia akamwalika na Mwikali. Boriti ikapinda kidogo, na waliposhuka ikarudi palepale. Ishaka akawapa wote mgongo kama mtu aliyekwisha kushinda kesi. Meneja, ambaye samaki wake walikuwa njiani, akaamuru boriti ifungwe vivyo hivyo. Alichoweza Jerioth ni kukataza mtu yeyote asipite chini yake.

Na ni heri alikataza. Asubuhi moja mchukuzi alikuwa akisukuma jodari aliyetundikwa kwenye kulabu, samaki akayumba na kulabu ikaigonga boriti. Ukasikika mlio kama wa bunduki. Boriti ikakatika vipande viwili, na yule jodari, mgumu kama gogo, akaanguka, akateleza sakafuni, akatoka mlangoni na kwenda kusimama mbele ya meneja aliyekuwa akinywa chai. Hakuna aliyeumia. Mwikali akatuma mtu Likoni na ujumbe mfupi: "Mwambie fundi, boriti yake imefariki. Tunashuku kikohozi."

Ishaka alivuka maji kwa haraka. Alijua watu watasema nini: mshono wake wa kuchomelea umeachia. Walimvika koti zito la chumba cha barafu, akaonekana kama gunia la nazi lililovalishwa kofia, na Mwikali akamsindikiza ndani akijizuia kucheka. Ishaka hakumjali. Alipapasa mishono yake yote, mmoja baada ya mwingine. Yote ilikuwa mizima.

"Alhamdulillahi," alisema, meno yakigongana. "Mimi simo."

Lakini furaha hiyo haikudumu, maana kile alichokiona kilimtatiza. Chuma alikijua. Kikielemewa hupinda, hurefuka, hukupa nafasi ya kukimbia. Hiki kilikuwa kimekatika bila kupinda hata kidogo, na pale kilipokatikia palimetameta kama chumvi ya mawe.

Jerioth alikuwa ameshachukua mapande mawili ya chuma kilekile. Moja lilikuwa limelala kwenye chumba cha barafu, jingine juu ya meza yake. Alilibana lile la mezani kwenye jiliwa akampa Ishaka nyundo. Ishaka akapiga, pande likajikunja kama kiwiko. Kisha likabanwa lile la baridi. Akapiga mara moja tu, nusu yake ikaruka hadi pembeni.

Ishaka akaenda akaiokota.

"Nguvu haijakiishia," Jerioth alimwambia taratibu. "Kilichokiishia ni subira. Kikiwa na joto, ukikipiga kinajipinda. Baridi ikikizidi, kinakuwa kama kigae."

"Hata na watu wako hivyo," Mwikali alidakia. "Wengine hata baridi hawaingoji."

"Basi mbona kimekatika pale, si kwengine?" Ishaka aliuliza.

"Hilo niambie wewe. Ni mkono wako uliopita pale."

Ishaka alikiinua kipande cha boriti. Katika ule mmetameto palikuwa na mistari, yote ikielekea upande mmoja. Akaifuata kwa kidole hadi kwenye tundu la bolti ya kulabu. Ukingoni mwake palikuwa na jino dogo, kama punje ya mchele. Angeweza kulinyamazia, kwani hakuna mwingine aliyekuwa ameliona.

"Ufa umeanzia hapa," alisema. "Tundu hili nililitoboa kwa moto na sikulipiga tupa. Nilikuwa nazungumza."

"Ulikuwa unajisifu," Mwikali alisema.

"Nilikuwa najisifu."

Chuma cha Nairobi kilipofika, matundu aliyatoboa kwa keekee, akayasugua kingo hadi kidole kikapita bila kukwaruzwa, na kila pembe kali akaiviringa. Safari hii boriti ilijaribiwa palepale kwenye baridi. Ishaka aliitwanga kwa nyundo mwenyewe, akatoka masharubu yakiwa meupe pe. Boriti haikutikisika. Mwikali alimwita babu siku nzima.

Jioni alimsimulia Mwanasaumu kila kitu, hata lile jino la tundu. Mwanasaumu aliacha kukuna nazi.

"Na huyo Jerioth alikuwa akisema, wewe ukisikiliza tu?"

"Nikisikiliza."

"Babake Rama, Idi iko karibu. Mualike, na Mwikali naye aje. Wallahi mtu kama huyo nataka nimuone kwa macho yangu."

Wakaja wote wawili, wakala pilau hadi wakasalimu amri. Baada ya kula, jirani mmoja alitaka kujua ni chuma gani kinachofaa kwa jiko lake jipya. Kila mtu akamgeukia Ishaka. Akaifuta midomo yake polepole, akamsogezea Jerioth kikombe cha kahawa.

"Anza wewe, mwanangu," alisema. "Mimi nitaongeza chumvi."