Watu Saba Ruiru

Mwaka wa 1957 nilikuwa golikipa wa Komu Stars, timu ya kiwanda kimoja cha mkonge kando ya mji wa Thika. Sikuandikwa kazi kwa kujua mkonge. Karani wa kiwanda alikuja likizo kwetu Maragoli, akaniona nikidaka mpira, akaniambia, "Boaz, twende Thika. Utapewa kazi ya stoo na chumba cha kulala." Wengi wetu tuliajiriwa hivyo. Kazi yetu hasa ilikuwa Jumamosi alasiri.

Kapteni wetu alikuwa Gerishon Mburu, fundi wa mashine, mtu wa upande wa Mang'u. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mguu wake wa kushoto ulipeleka mpira mahali alipotaka, hata kama mimi niliyesimama nyuma sikuwa nimepaona bado. Mke wake Mumbi alikuwa kijijini, ndani ya uzio na handaki, kwa maana ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipopigana na Mau Mau. Mkikuyu hakuweza kutoka Thika kwenda Ruiru bila pasi ya serikali. Gerishon na wenzake watatu katika timu walikuwa Wakikuyu. Sisi wengine, Waluhya, Wajaluo na Wakamba, tulipita tu. Nilizoea jambo hilo upesi, na mpaka leo naona haya kwamba nililizoea.

Ligi ilikuwa ya timu nane za mashamba na viwanda. Tulianza vibaya. Tulipoteza mechi mbili za kwanza, kisha hatukupoteza tena. Mvua ya Aprili ilipogeuza uwanja wetu kuwa tope jeusi, Gerishon alitufundisha kupasia mpira juu juu, na timu zilizokuja na viatu vizuri zikaondoka na viatu vizito. Kufikia Septemba ilibaki mechi moja, dhidi ya shamba la kahawa la Ruiru. Wao walikuwa nyuma yetu kwa pointi moja. Sare ingetutosha.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyopangwa. Katibu wa ligi, aliyekusanya majina na kuomba pasi za wachezaji kwa wakubwa, alikuwa Bwana Hadley. Na Bwana Hadley huyo huyo ndiye aliyekuwa meneja wa shamba la Ruiru. Mwaka mzima pasi zilikuja. Wiki mbili kabla ya mechi Gerishon alipeleka majina manne kwa mkono wake. Akaambiwa zitakuwa kwa askari kwenye kizuizi cha barabarani, asiwe na wasiwasi.

Jumamosi tulipanda lori la kiwanda. Kizuizini askari alitazama makaratasi yake, akatazama tena.

"Hapa hakuna pasi ya mtu yeyote," alisema.

"Katibu alisema ziko hapa," Gerishon alimjibu.

"Basi mwulize katibu. Nyinyi wanne, shukeni."

Waliketishwa kando ya barabara, kwenye jua, mikono kichwani, wakiwa na jezi za kijani walizozifua wenyewe kwa ajili ya siku ile. Mimi nilitaka turudi sote. Gerishon alisema kutoka pale chini, bila kuinua sauti, "Boaz, enda ucheze. Usipoenda, watasema tumeogopa."

Tulicheza watu saba. Sijui niwaelezeje. Hatukushambulia hata mara moja. Tulisimama mbele ya goli letu kama ukuta, na ukuta ulipobomoka palikuwa na mimi. Watu wa Ruiru hawakutuonea huruma, na ningewachukia kama wangetuhurumia. Kapteni wao, Salim Hassan, dereva wa trekta, alipiga shuti dakika za mwisho. Nilijirusha nikaukosa, mpira ukagonga mlingoti ukatoka. Refa akapuliza filimbi. Sifuri kwa sifuri. Salim alikuja akaninyanyua kutoka chini, akaniambia, "Kombe ni lenu, ndugu yangu. Mmelifanyia kazi."

Tulipowachukua wenzetu pale kizuizini walikuwa hawawezi kunyoosha mabega. Tuliwaambia matokeo. Gerishon alicheka mpaka vumbi la usoni likapasuka mistari.

Jumatatu ikaja barua ya katibu. Matokeo yamefutwa, ilisema, kwa sababu Komu Stars ilileta wachezaji pungufu ya wanane, kinyume cha kanuni. Pointi zote kwa Ruiru. Hakuna mtu aliyewahi kuiona kanuni hiyo.

Bwana Hadley alikuwa akija Thika kila Jumatano kwa kazi za ligi. Mimi na Gerishon tulimfuata huko. Alitupokea kwenye baraza ya ofisi. Tulisimama, yeye akakaa.

"Kanuni ni kanuni," alisema kwa Kiswahili chake cha kuamuru. "Mimi sikuwazuia watu wenu. Serikali ndiyo iliwazuia."

"Ndiyo, bwana," Gerishon alisema. "Lakini barua hii imeandikwa Ijumaa. Mechi ilikuwa Jumamosi."

Bwana Hadley aliichukua barua akaitazama. Shingo yake ikawa nyekundu.

"Karani wangu amekosea tarehe."

"Karani alijuaje Ijumaa kwamba Jumamosi tutakuwa saba?"

"Umefika mwisho, Mburu. Toka."

Gerishon alinyoosha mkono akangoja mpaka barua ikarudishwa. Nilidhani tutapigwa. Tulipofika barabarani akanipa ile barua. "Mimi siwezi kufika Ruiru. Wewe unaweza. Mwonyeshe Salim."

Nilimkuta Salim akiosha trekta. Aliisoma polepole, akaisoma tena, akauliza tarehe ya mechi ingawa aliijua vizuri. Kisha akasema, "Kwa hivyo wakubwa wetu walikuwa na hakika kwamba hatuwezi kuwafunga watu kumi na mmoja." Hilo ndilo lililomchoma. Alinirudishia barua, hakuahidi kitu.

Siku ya kombe tuliamriwa kuhudhuria, tupige makofi. Gerishon alikuja, kwa kuwa sherehe ilikuwa Thika. Mezani palikuwa na kitambaa cheupe, mgeni wa heshima, mke wa Bwana Hadley na kombe. Jina la Salim likaitwa. Hakusogea. Likaitwa tena.

Salim alisimama. "Bwana, siku ile nilipiga mpira ukagonga mlingoti," alisema. "Sikufunga. Siwezi kuchukua kombe kwa goli ambalo sikufunga."

Akaketi chini kwenye nyasi. Wenzake kumi wakaketi. Hatukupanga, lakini sisi pia tuliketi, na nyuma yetu vibarua waliokuja kutazama wakaanza kuketi mmoja mmoja, akina mama kwa watoto, mpaka waliosimama uwanjani wakawa ni wazungu na askari peke yao. Mgeni wa heshima alitazama saa yake, akaondoka. Kombe likarudishwa kabatini, na halikupewa mtu mwaka ule.

Salim alitolewa kwenye nyumba ya shamba wiki iliyofuata, yeye na mkewe Waridi, vyombo vyao vikawekwa barabarani. Gerishon alifutwa kazi. Alirudi kijijini kwa Mumbi, fundi mzuri kama yule, akalimishwa matuta ya serikali ya kuzuia mmomonyoko pamoja na wengine.

Kanuni ile ya watu wanane haikufutwa wala haikuonyeshwa. Bwana Hadley aliendelea kuwa katibu. Watu wengine huniambia ulikuwa mpira tu, Boaz, sahau. Mimi huwauliza kama watu wanne waliokalishwa juani kwa uongo walikuwa mpira.

Januari meneja wa kiwanda aliniita akanipa ukapteni.

"Sitacheza," nilimwambia.

"Basi stoo si yako tena."

Nilipelekwa kwenye mashine ya kukwangua mkonge, ambapo maji ya majani huchoma ngozi mpaka kiwiko. Jumamosi alasiri nilisikia watu wakishangilia uwanjani, na miguu yangu ilitaka kwenda. Sikuipeleka.