Mwita Mvua

Mwalimu wa darasa la watoto wadogo alikuwa na ujanja wake mmoja, na kwa miaka kumi na moja ujanja huo haukuwahi kumwangusha. Somo la mvua hakulipangia tarehe. Ratiba ya shule ilisema wiki ya sita, naye aliitikia "sawa, mwalimu mkuu" kisha akafanya lake. Kila asubuhi alisimama uani akatazama juu, na siku alipoona mawingu yamenenepa na kuwa meusi, ndipo alipokwenda mbio jikoni kumwomba mpishi maji ya moto na barafu.

Somo lenyewe lilikuwa jepesi. Unachukua chupa pana ya kioo, unamimina maji ya moto mpaka robo, unaifunika kwa sahani, halafu unapanga vipande vya barafu juu ya sahani. Watoto ishirini na wawili wanaizunguka meza, kila mmoja anamsukuma mwenzake. Mvuke unapanda, unagusa ubaridi wa sahani, unageuka matone. Matone yananenepa, yanadondoka. Na wakati watoto bado wanashangaa, mvua yenyewe inaanza kugonga bati la paa, kwanza kidogo, kisha kwa fujo.

"Nani kaita mvua?" mwalimu anapaza sauti.

"Sisi!"

Basi hapo darasa halishikiki. Mtoto aliyeweka barafu anavishwa taji la karatasi ya buluu na kuitwa Mwita Mvua, na jina hilo linamganda mpaka mwisho wa mwaka. Wazazi walicheka wakaacha. Mwalimu mkuu aliwahi kumuuliza kama huo si uongo, naye akajibu kwamba ni chumvi tu, na chakula bila chumvi hakiliki. Alikuwa mwepesi wa majibu, mwalimu yule. Hakupenda kusahihishwa, na kwa sababu watoto wake walijua mawingu kuliko watoto wa darasa la tatu, hakuna aliyejaribu tena.

Mwaka huo aliyevaa taji alikuwa Chiriku. Jina hilo alipewa na baba yake, kwa kuwa mdomo wa mtoto yule haukufungwa hata akiwa na tonge ndani. Alikuwa na miaka mitano na nusu. Baba yake, fundi bomba, alimleta shuleni kila asubuhi kwa baiskeli, spana zikigongana kwenye mkoba wa nyuma, na njia nzima mtoto aliongea na baba aliitikia.

Zamu ya kuweka barafu alikuwa ameshaahidiwa, na asubuhi ile mawingu yalikuwa yametanda tangu alfajiri. Fundi aliegemeza baiskeli getini, akamshusha mwanawe.

"Mwalimu, nasikia leo binti yangu ndiye bosi wa mvua."

"Ndiye. Mwombe mapema, foleni isije ikawa ndefu."

Fundi akacheka, akachuchumaa mbele ya mtoto. "Basi mama, uite ya kutosha. Pipa letu limekauka."

"Nitaita mpaka useme basi," Chiriku akasema.

Akaita. Barafu aliipanga mwenyewe, kipande kwa kipande, ulimi nje kwa umakini. Matone yalipodondoka na paa likaanza kunguruma, alirukaruka mpaka taji likamfunika macho. Mvua ilinyesha mchana kutwa. Bibi yake, mama yake fundi, ndiye aliyekuja kumchukua, kwa mwavuli, na mtoto akaondoka na taji lake ndani ya mfuko wa nailoni lisilowe, akisema lazima baba alione.

Fundi alikuwa kazini ng'ambo ya mto. Jioni alipofika kwenye daraja la chini, maji yalikuwa yamelifunika. Watu walimwambia asubiri. Alikunja suruali, akaisukuma baiskeli yake kwenye maji, na katikati ya daraja hakuonekana tena. Walimpata kesho yake.

Mwalimu alikwenda msibani, akakaa na wanawake wengine, akalia alivyojaliwa. Hakumwona Chiriku. Aliambiwa mtoto amepelekwa kwa ndugu wa mama yake mpaka mambo yapite, maana watu wazima walikubaliana kwamba maziko si ya macho ya mtoto. Mwalimu naye aliona ni sawa. Kuhusu somo la mvua hakuwaza kitu, au tuseme aliwaza mara moja, akalisukuma mbali.

Chiriku alirudi darasani baada ya wiki mbili, ameshikwa mkono na bibi. Mama yake alikuwa bado hajiwezi. Mtoto aliketi kwenye kiti chake akanyamaza. Wenzake walimsemesha, wakamgawia rangi, mmoja akampa hata gari lake la waya ambalo hakumruhusu mtu aliguse. Kulikuwa na jambo moja tu alilolifanya kwa hiari: alikwenda kwenye ubao wa hali ya hewa.

Ubao ule ulining'inia kando ya mlango, una kamba na vibanio vya nguo, na kadi nne za kuchagua: jua, mawingu, upepo na mvua. Kila asubuhi mtoto wa zamu alitoka nje, akatazama, akarudi kubana kadi ya siku hiyo. Chiriku hakungoja zamu. Alifika wa kwanza, akabana jua. Nje manyunyu yalikuwa yakianguka.

"Mwanangu, chungulia nje tena," mwalimu akamwambia kwa upole.

Mtoto alichungulia, akarudi, akaliacha jua palepale. Mwalimu alipoliondoa na kubana mvua, mtoto alingoja ageuke, akaibandua. Ikawa hivyo kila siku, wiki ya kwanza, wiki ya pili. Mwalimu akasema ni huzuni, itapungua, na akamwachia.

Kisha likaja suala la kipima mvua. Watoto walikuwa wamekitengeneza wenyewe: chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, shingo ikageuzwa juu chini kuwa faneli, na ukanda wa karatasi wenye alama umebandikwa ubavuni. Kilisimama uani, kimezungushiwa mawe. Msimu ulikuwa umekolea, mvua ilinyesha kila usiku, na kila asubuhi chupa ilikutwa tupu.

"Mwalimu, mvua ya jana imeibiwa!" watoto wakaja mbio kushtaki.

"Atakuwa mbuzi wa jirani."

"Mbuzi hapigi deki, mwalimu. Humu ndani kumefutwa!"

Mwalimu alicheka, lakini kesho yake aliwahi. Alimkuta Chiriku amechuchumaa uani, sweta amelivua, analisokomeza ndani ya chupa na kuzungusha. Kando yake udongo ulikuwa umelowa pale alipomwaga maji.

"Chiriku. Unafanya nini, mama?"

Mtoto hakushtuka. Alikuwa na kazi. "Naimaliza," akasema, na lilikuwa neno la kwanza mwalimu kulisikia kutoka kwake tangu arudi.

"Unaimaliza nini?"

"Mvua. Niliita nyingi."

Mwalimu alimsaidia kuvaa sweta lililolowa, kisha akaona haliwezi kuvaliwa, akamfunika kanga yake.

Mchana bibi alipokuja, hakumpokea mtoto kama siku zote. Alimwambia akacheze, akasimama mlangoni.

"Mwalimu, nina neno na wewe."

"Karibu mama, ukae."

"Sikai. Mjukuu wangu haogi bila ugomvi. Ndoo zote nyumbani amezipindua. Jana nimemuuliza, ananiambia yeye ndiye aliyeita mvua ile, wewe ulimvisha taji kwa ajili hiyo. Nikamwambia mwalimu alikuwa anatania. Akanijibu mwalimu hatanii, mwalimu anafundisha." Macho ya bibi yalikuwa mekundu, si kwa hasira tu. "Mtoto mdogo vile, mwalimu. Anadhani ya baba yake ameyaleta yeye."

Mwalimu hakujitetea. Habari za chumvi na miaka kumi na moja hakuzigusa.

"Nimekosa, mama."

"Kukosa umekosa. Sasa mwambie kwa kinywa chako, maana mimi haniamini."

Siku nne zilipita mwalimu akingoja, na safari hii alikuwa akingoja kinyume. Alitaka siku kavu. Siku ya tano anga liliamka jeupe, bila hata kijiwingu, na jua likachomoza kwa nguvu. Alikwenda kwa mpishi. "Maji ya moto," akasema, "na barafu yote uliyonayo."

Watoto walishangilia walipoiona chupa. Mwalimu alimwita Chiriku aje kuweka barafu. Mtoto alirudi nyuma mpaka ukutani, mikono mgongoni.

"Njoo, mwanangu. Nitakushika."

"Sitaki. Itakuja."

"Haitakuja. Ikija, mimi sifundishi tena maisha yangu yote."

Walipanga barafu pamoja, mkono wa mtoto ndani ya mkono wa mwalimu. Mvuke ukapanda. Matone yakajikusanya chini ya sahani, yakadondoka. Watoto wakatega masikio kwenye paa. Paa likakaa kimya, isipokuwa bati lililokuwa likialika kwa joto. Mwalimu akawatoa wote uani wakatazame juu. Wakarudi, wakafanya tena. Wakafanya mara ya tatu, barafu ikaisha.

"Mwalimu, mbona haiji?" mwenye gari la waya akauliza. "Imeharibika?"

Mwalimu alivuta kiti kidogo, akakaa, magoti yakamfikia kifuani. Aliwaambia yote. Kwamba mvua ya kwenye chupa ni ya kwenye chupa tu. Kwamba ile kubwa hutoka mbali, haitwi na mtu, mtoto wala mtu mzima. Kwamba siku ile yeye aliyaona mawingu kwanza, kabla ya kugusa barafu, akafanya kama vile wao ndio walioyaita, ili wafurahi, na ili yeye aonekane mwalimu hodari.

"Nilisema uongo," akasema. "Na kila mwaka nimekuwa nikiusema."

Watoto wakatazamana. "Mwalimu ametudanganya!" mmoja akapiga kelele, na wengine wakadakia, nusu kwa hasira na nusu kwa furaha ya kumkamata mkubwa. Aliwaacha. Akawatuma uani kucheza, kwa kuwa muda wa kwenda nyumbani ulikuwa karibu, na Chiriku akabaki amesimama mbele yake.

"Si mimi?"

"Si wewe, mwanangu."

"Hata kidogo?"

"Hata tone moja. Hata usingekuja shule siku ile, ingenyesha vilevile."

Mtoto alifikiri. Mwalimu aliuona uso wake ukilegea, na nafuu aliyoisikia moyoni ilikuwa kubwa hata akakaribia kutabasamu. Alijiambia limekwisha. Bibi alikuwa amefika, amesimama kizingitini na mkoba wake, na alikuwa amesikia. Akamtikisia mwalimu kichwa, kama mtu anayeshukuru.

"Na kuimaliza?" Chiriku akauliza.

"Kuimaliza vipi?"

"Nikiweka jua. Nikimwaga maji. Mtoni hayapungui?"

"Hayapungui, mama. Mto hausikii kadi zetu."

Uso uliokuwa umelegea ukakaza tena. Mtoto aligeuka, akamwona bibi yake. "Bibi, mwalimu anasema siwezi kuyapunguza maji. Sasa baba atavukaje?"

Mwalimu alimtazama bibi. Bibi alikuwa ameshika fremu ya mlango.

"Ulisema yuko ng'ambo," mtoto akaendelea, sasa maneno yakimtoka mfululizo kama zamani. "Ulisema anasubiri maji yapungue ndipo aje. Mimi nimeyamwaga kila siku. Nimeweka jua kila siku. Kama mimi siwezi, nani atayapunguza? Atakaa huko mpaka lini?"

Mwalimu angeweza kutoka. Hakutoka. Bibi aliingia polepole, akatafuta pa kukaa, akakaa kwenye kiti cha mtoto ambacho hakikumtosha, akamvuta mjukuu wake katikati ya magoti.

"Hayuko ng'ambo, mjukuu wangu. Baba yako alikufa majini. Tulimzika. Sikuweza kukwambia."

"Lini?"

"Siku ileile ya mvua."

Chiriku alizirudia kichwani siku zote zile, wiki kwa wiki, asubuhi zote alizowahi kabla ya wenzake. Ilionekana kabisa usoni kwamba anazihesabu.

"Kwa hiyo hakuwa ananisubiri," akasema.

"Hakuwa, mama."

Ndipo mtoto akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, huku akimpiga bibi yake kifuani kwa ngumi ndogo, na bibi hakuishika mikono ile. Uani wazazi walikuwa wakifika mmoja mmoja, wakiita watoto wao kwenye jua kali. Mwalimu alikwenda akafunga mlango, kisha akaketi sakafuni karibu nao, akabaki hapo.