Tangazo la Kalunguyeye

Mdogo wangu ana kipaza sauti juu ya paa la gari, na hilo ndilo balaa langu. Kazi yake ni kutangaza. Magodoro yakishuka bei, yeye. Viatu vya shule vikifika, yeye. Mtaa mzima unamwita Redio, na kwa jinsi anavyopiga domo hata gari likiwa limezimwa, jina limemkaa.

Mimi nauza dawa za mifugo. Sina maneno mengi, ila nikikasirika ninayo ya kutosha, na mwaka huu nilikasirika mapema. Huku kwetu kila nyumba hufagia majani, huyalundika nyuma ya ua, na yakikauka huyatia kiberiti. Sasa kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba, maskini wa Mungu, lundo la majani kwake ni nyumba. Anaingia, anajikunja kama donge la uzi, analala zake. Watu wakizoa majivu wanamkuta ameungua, wanasema, "Lo, kumbe kulikuwa na kitu humu," kisha wanaendelea na shughuli zao. Nilichoka kuisikia hiyo "lo". Nikawakusanya majirani, tukaunda kamati, tukakubaliana watu watangaziwe.

"Nani atatangaza?" wakauliza, wote wakinitazama mimi. Nani mwingine?

Nilimwandikia Redio maneno yenyewe: Kabla ya kuchoma lundo, kagua. Ukimkuta kalunguyeye, mwache palepale, usichome. Basi.

Akasoma, akakunja uso. "Dada, hili halijaisha. Watu wafanye nini?"

"Wasifanye kitu. Ndiyo maana yake."

"Hakuna tangazo la kumwambia mtu asifanye kitu! Mtu unamwita mahali, unamwambia awahi."

"Soma kama lilivyo, bwana wee."

Akaapa atasoma.

Jumamosi asubuhi niko dukani napanga chupa, akaingia mwanamke na ndoo. Ndani, kalunguyeye. Nyuma yake mzee mmoja na boksi la viatu. Nyuma ya mzee, watoto wamebeba sufuria lililofunikwa, wanasukumana mlangoni. "Tumewahi?" wakauliza. "Zawadi ni nini?"

Nikatoka nje mbio, na kutoka barabara ya pili nikaisikia ile sauti: "...mlete kwa dada, duka la dawa za mifugo, pale kwenye kona! Wahi, ndugu yangu, wahi!"

Nilimsimamisha katikati ya barabara. Niliyomwambia siyarudii, maana hata wale watoto waliziba masikio. Akajitetea kwamba mtaa wa kwanza alisoma kama nilivyoandika, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo.

"Nikaongeza kidogo tu, dada. Mdomo umezoea."

Mpaka adhuhuri kaunta yangu ilikuwa imejaa ndoo na maboksi. Kila aliyeleta nilimuuliza amemtoa wapi, nikamwambia amrudishe palepale na lundo aliache lilivyo. Walinuna, nami nilinuna zaidi. Mwishowe likabaki beseni moja la kijani, ambalo mtu aliliacha mlangoni wakati nikigombana barabarani. Nikavaa glovu, nikamgeuza mnyama taratibu. Chuchu zimevimba, maziwa yanatoka.

Huyu alikuwa na wachanga mahali fulani, hata macho hawajafumbua, na bila yeye kesho wasingeiona.

"Tangaza," nikamwambia Redio. "Aliyeleta beseni la kijani ajitokeze."

Alizunguka mtaa mzima akitangaza, na hakuna aliyetoka. Walidhani ni mauzo mengine ya mabeseni. Hapo akafanya jambo ambalo sijapata kumwona akilifanya. Alizima mashine, akashuka, akaanza kupiga hodi mlango kwa mlango, kwa sauti ya kawaida kabisa, karibu ya kunong'ona. Nami nyuma yake na beseni. Hasira zangu zilikuwepo palepale, lakini nilimwonea huruma pia. Shati limemganda mgongoni kwa jasho, na kila mlango anaanza na "samahani, mama", "samahani, mzee". Ndugu ni ndugu.

Jua limeanza kuinama tukafika kwa mshona mapazia. Ni mama wa makamo anayeishi peke yake, mpole mpaka unaona aibu kuongea kwa sauti mbele yake. Alikuwa barazani kwenye cherehani. Alipoliona beseni, uso ukamng'aa.

"Si ndilo beseni langu hilo! Nililiacha mlangoni, mwanangu. Nilikuona unafoka barabarani, nikaogopa kukuingilia."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Redio akaegemea nguzo, akacheka peke yake kama mwehu.

"Lundo liko wapi, mama?" nikamuuliza.

"Huku nyuma, njooni."

Akatutangulia, akituhadithia njia nzima. Tangazo alilisikia vizuri. Alikagua kwa mkono, polepole, asimuumize. Akamkuta, akamtoa, akamleta. "Nikarudi nina amani kabisa," akasema. "Nikajua sasa hamna kitu ndani."

Kwenye pembe ya ua palikuwa na duara jeusi la majivu.

Nilitaka kumfokea mtu. Yeyote. Maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni, lakini nilipomtazama yule mama sikupata pa kuyaweka. Alikuwa amefanya kila alichoambiwa. Redio akapiga magoti na kuanza kufukua majivu kwa mikono.

"Anatafuta nini?" mama akaniuliza. Kisha, kwa sauti ndogo, "Nimekosea?"

"Hukukosea wewe. Tumekosea sisi." "Alikuwa na watoto, mama. Walikuwa chini zaidi."

Aliifumbata mikono tumboni.

"Kuna kitu kilikuwa kinalia," akasema. "Kisauti chembamba hivi. Nikasema ni majani mabichi yanalia motoni."

Akaenda akapiga magoti kando ya mdogo wangu, akaanza kufukua naye.