Ukurasa wa Vipimo

Kitambaa kilikuwa cha marehemu mama yake Bertila. Bertila alikileta mwenyewe kutoka kwao Choma, akasema gauni la harusi yake litoke humo. Kikikatwa vibaya, kingine kama hicho hakipo.

Mkasi nilikuwa nao mimi. Ninakata nguo kwa Bi Batuli, fundi cherehani wa hapa Kanyenye. Zamani vipimo vilikuwa kwenye daftari. Siku hizi viko kwenye programu ya simu aliyoitengeneza mkwe wake, Uwesu. Ukurasa wa kwanza unachagua jina la mteja, unabonyeza "Endelea", wa pili unakuonyesha vipimo.

Nilimchagua Bertila. Kiuno, inchi arobaini na mbili.

Nikasita. Nilimpima mwenyewe juma lililopita, tepu ikamzunguka hata thelathini haikufika.

"Bi Batuli, hiki kiuno si chake," nilisema, kwa sauti ndogo mpaka akaniambia nirudie.

Uwesu, aliyekaa mlangoni na kahawa yake, akacheka. "Anifa, simu haisahau. Labda bibi harusi ameanza kushiba mapema."

"Shemeji, simu siijui. Mwili niliopima naujua."

"Shule uliachia la tano, leo unakosoa programu? Kata, bwana!"

Uso ulinichoma. Nikaweka mkasi chini, nikachukua simu.

Nikamchagua Bi Leonia, yule mama mnene niliyemkatia asubuhi. Arobaini na mbili. Nikarudi, nikamchagua Najiat, mtoto wa madrasa. Arobaini na mbili.

Uwesu akaacha kahawa.

"Bi Batuli akinituma kwa watu," nikamwambia, "sipigi hodi nikanyamaza. Nasema nimefuata mzigo wa nani. Nisiposema, nitapewa uliokaa karibu na mlango. Ukurasa wako wa kwanza unabisha hodi tu kwa wa pili, hautaji jina."

Akaichukua simu, akabonyeza majina mawili matatu. "Jina linavuka kwenda ukurasa wa pili mara moja tu, kwa mteja wa kwanza wa siku," alisema taratibu. "Wanaofuata wanapewa vipimo vyake. Leo ni vya Bi Leonia."

Akafungua kompyuta. Adhana ya alasiri ilimkuta bado anahangaika. Mwishowe akanipa simu, nikamchagua Bertila: kiuno, ishirini na nane.

"Haya, kata," alisema Bi Batuli.

"Bado. Shemeji, jina la mteja liandike na huku kwenye vipimo, juu kabisa. Herufi kubwa."

Aliandika, safari hii bila utani. Nikasoma herufi moja moja mpaka ya mwisho, ndipo nikakata.