Ua wa Nélida Peke Yake

Dalali alipofungua mlango wa nyuma, Nélida Ferrante hakujali tena kwamba jiko lilikuwa na upana wa kabati. Aliona ua. Kilikuwa kiua cha kutosha kiti, meza na chungu cha mrehani, lakini mkataba ulisema ni cha mpangaji wa chini peke yake, na hayo maneno "peke yake" yalimkolea kama sukari. Alikuwa ametoka kuishi miaka mingi na mawifi watatu, katika nyumba ambayo hata kukohoa kulijadiliwa mezani. Sasa alitaka kitu kimoja tu duniani: kukaa nje, anywe yerba yake, ile chai chungu ya majani, asisemeshwe na mtu.

Basi akahamia, akatoa kiti, akaketi. Soksi ikamwangukia kichwani.

Dalali, mtu mwema yule, alikuwa amesahau kumwonyesha juu. Zilipanda ghorofa saba, na kila dirisha la jikoni lilikuwa na kamba yake ya nguo. Chochote kilichowaponyoka wenzake kilitua kwake: vibanio, taulo, chupi, siku moja hata kipande cha nyama ya kukaanga. Na kila kilichotua kilifuatwa na mwenyewe.

"Doña Nélida, samahani, sidiria yangu imeshuka kwako."

"Imeshuka yenyewe au umeituma?"

"Wewe nawe! Ehe, na mrehani umestawi kweli. Nichume majani mawili?"

Aliyemchosha kuliko wote ni don Hilario wa ghorofa ya nne, mgane aliyestaafu kazi ya kuziba matairi. Alishuka kufuata fulana, akamkuta Nélida anakunywa yerba, na adabu ikamponza mwanamke: akammiminia. Buenos Aires kibuyu cha yerba ni kimoja kwa wote na mrija ni mmoja, na mgeni hamiminiwi kwa kipimo. Ataendelea kumiminiwa mpaka aseme ahsante. Akishasema, ndiyo ametosheka. Don Hilario akanywa, akarudisha kibuyu kimya. Akamiminiwa tena, akanywa, akarudisha kimya. Birika likakauka, na neno halijamtoka.

Kesho yake ikaanguka fulana nyingine, na hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani.

"Don Hilario, vibanio vyako vimekufa?"

"Vimezeeka, binti yangu, kama mwenyewe."

"Si ununue vipya?"

"Vipya vinang'ang'ania mno. Vinaharibu nguo."

Mambo yakaenda hivyo kiangazi kizima, huku Nélida akisimuliwa matairi ya nusu ya mji. Siku moja, zilipoanguka taulo, soksi na fulana ileile kabla hajamaliza kibuyu cha kwanza, alisimama katikati ya ua akapaza sauti.

"Sikieni nyote huko juu! Kitakachoanguka tena hapa, nakikata matambara ya kudekia!"

Madirisha yakafungwa moja baada ya jingine. Haukupita muda, mafundi walioitwa na majirani wa juu wakaja kutandaza wavu juu ya ua wote. Hakuna aliyemgombeza. Walimsalimia mlangoni kwa adabu ile wanayoonyeshwa wafiwa.

Hatimaye ua ukawa wake peke yake. Nélida akamimina, akanywa. Akajimiminia, akanywa. Juu kwenye wavu soksi moja ilikuwa imenasa, na hakuna aliyekuja kuiulizia. Upweke ukamuudhi, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba ameupigania mwenyewe kwa kelele.

Akachukua mkoba, akaenda dukani, akarudi. Lifti ilikuwa mbovu, kama kawaida yake, hivyo alifika ghorofa ya nne akihema.

"Don Hilario, fulana yako imeanguka kwangu."

Mzee akaitazama. Ilikuwa mpya, bado imekunjwa, lebo ya duka inaning'inia kwapani, na ingewaenea watu wawili wa umbo lake. Akageuka kuchungulia dirishani. Chini, wavu ulikuwa umetanda, hauna tundu.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Nimeihangaikia tangu asubuhi."

"Vibanio vyako hivyo!"

"Si nilikwambia?"

"Haya, shuka upesi. Birika liko motoni, na maji yakichemka yataiunguza yerba."

Alishuka na ndara zake, fulana ameivaa juu ya shati, lebo ikining'inia. Walikunywa mpaka taa zikaanza kuwaka kwenye madirisha ya jikoni. Kila kibuyu kiliporudi, Nélida aliutazama mdomo wa mzee kwa hofu. Hakusema ahsante.