Salamu za Mteja wa Kona

Mwaka ule baa mpya ya mtaa wa Panda ilijaa kila Jumamosi, na desturi yake ilijulikana: mwimbaji Casimir akitaja jina lako kwenye mikro, unasimama, unainua glasi, watu wanakupigia makofi. Nani hapendi sifa? Wafanyakazi wa kiwandani walioga mapema kwa ajili ya dakika hiyo tu.

Jumamosi hiyo mgeni mmoja aliyevaa abakosi, lile koti la watu wa serikali, alimletea Casimir karatasi. "Nasalimia marafiki zangu," alisema, akarudi kukaa kwenye kona. Bia yake hakuigusa.

Casimir akamtaja Philippe. Philippe akasimama, meno yote nje. Akamtaja Germain. Akamtaja Eugénie wa kantini, naye akazunguka mara mbili ili kitenge chake kipya kionekane. Kila aliyesimama, mgeni alimkazia macho usoni, taratibu, bila kupiga makofi.

Hapo Casimir akaisoma tena karatasi. Watatu hao hawakuwa na udugu wala kazi moja. Walikutana nyumbani kwake tu, Jumapili, chumbani kwa mdogo wake Michel, wakiandika karatasi za kuitisha mgomo zilizokutwa kiwandani. Mgeni alikuwa na majina. Sura hakuwa nazo.

Jina la nne lilikuwa la Michel. Casimir akaikunja karatasi, akaiambia bendi ipige, tena kwa nguvu.

Kule mlangoni kijana akapanda juu ya kiti, glasi mkononi, amenuna.

"Yaya Casimir!" akamwita kaka yake. "Na miye je? Michel njo huyu hapa!"

Watu wakacheka, wakampigia makofi. Mgeni naye akapiga, kisha akavuta bia yake, akanywa.